Maoni Yaliyoandikwa kwa Vidole vya Unga

Mimi ni mtu wa kusaga unga. Kisiagi changu kiko Kitengela, kwenye ploti yenye maduka manne na mti mmoja, na kwa miaka mingi kitabu pekee nilichokuwa nacho kilikuwa Biblia. Shule niliacha kidato cha pili. Sikuwahi kujiita msomaji, na hata leo mtu akiniita hivyo nageuka kuangalia nani anasimama nyuma yangu.

Vitabu vilinijia kupitia kwa mpangaji. Nyuma ya kisiagi kuna chumba ninachokodisha, na humo alikaa bwana mmoja mpole aliyefanya kazi Nairobi na kurudi kila jioni na kitabu kwapani. Alipopata uhamisho kwenda Kisumu, lori lake lilijaa, akaniachia katoni tatu na kusema atazirudia. Niliziweka kando ya mashine, wateja wakawa wanazikalia wakingojea zamu yao. Hivyo ndivyo tulivyokaa juu ya elimu mwaka mzima bila kujua.

Siku moja stima ilipotea asubuhi, na watu kama kumi wakabaki wakingoja irudi. Mama mmoja mnene, mteja wangu wa mahindi ya njano, aliketi kwenye katoni ya katikati, nayo ikapasuka pande zote nne kwa pamoja. Mama alishuka polepole hadi chini, ameketi vilevile, vitabu vikimwagika kila upande. Tulimwinua, tukampangusa, tukampa stuli. Kisha, kwa sababu stima haikuwa na haraka, kila mtu akaokota kilichokuwa karibu na mguu wake.

Iliporudi, saa nane, niliwasha mashine na hakuna aliyesimama.

Wiki iliyofuata fundi mmoja wa mawe, aliyekuwa anajenga ghorofa ng'ambo ya barabara na kuniletea mahindi yake Jumamosi, alinipigilia rafu ya mbao ukutani. Mimi nikanunua daftari la kurasa mia mbili, nikalifunga kwa kamba ya katani kwenye msumari. Nia yangu ilikuwa ndogo tu. Nilichora mistari ili niandike kitabu gani kimetoka, nani amekichukua, na kama kimerudi. Ile nafasi ya kurudisha niliiacha pana mno, na watu wa Kitengela hawawezi kuona nafasi wazi wasijenge.

Wa kwanza kuandika alikuwa mama aliyechukua kitabu cha mapishi ya nchi za mbali. Aliandika: "Nimepika ukurasa wa kumi na mbili. Watoto wameniuliza kama nimekosana na baba yao." Chini yake mtu aliyesoma kitabu cha uongozi akaandika kwamba kimemsaidia sana, kwani tangu akichukue analala vizuri na hajapita ukurasa wa tatu. Kitabu cha hesabu za kidato cha pili kilirudi na maneno haya: "Nimefika mwisho. Hakuna mtu hata mmoja anayepata furaha." Yule fundi wa mawe alichukua hadithi ya upelelezi, ambamo muuaji anaingia kwenye nyumba ya tajiri kwa kubomoa ukuta wa mawe na nyundo kwa dakika tano. Alichofanya ni kujaza nusu ukurasa akieleza kwamba ukuta wa namna hiyo ungemchukua mtu kutwa nzima na angesikika mpaka Athi River, na kwamba yeye hamtafuti muuaji, anamtafuta aliyejenga.

Hakuna aliyetia sahihi. Lakini mimi niliwajua wote kwa vidole. Wa mahindi waliacha alama nyeupe kwenye kurasa, wa wimbi waliacha alama za kahawia, na mtu aliyekuwa akisaga mtama na muhogo pamoja aliacha alama ambazo hazikutoka kabisa.

Wasomaji wawili ndio walioniletea mambo. Mmoja alikuwa mzee wa Kimaasai, afisa wa mifugo aliyestaafu, ambaye sote tulimwita Daktari. Alikuwa mrefu, mtaratibu, na alisoma kila kitu kama anayempima mnyama, akianzia miguuni. Wa pili alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama kutoka Vihiga, ambaye sote tulimwita Madam. Aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa lao, alisaga wimbi kila mwisho wa mwezi, na kalamu yake ilikuwa nyekundu.

Kitabu kilichowakutanisha kilikuwa riwaya ya Kiingereza, kwenye jalada kuna mwanamke amevaa kofia nyekundu amesimama kwenye geti la shamba. Ni hadithi ya mjane. Mume wake anazikwa sura ya kwanza, kwenye nchi fulani ya mvua isiyoisha, na kuanzia hapo wanaume wawili wanamfuata. Mmoja ni wakili wa mjini mwenye gari na maneno mazuri. Mwingine ni jirani mfugaji, asiyesema sana, ambaye sura ya saba anamsaidia ng'ombe wa mjane kuzaa ndama aliyekaa vibaya. Mjane anawapima wawili hao kurasa mia mbili nzima. Kisha, usiku wa mvua, mlango unabishwa, na ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili unaishia hivi: anafungua, anamwona amesimama pale amelowa, na bila kusita anamwambia.

Anamwambia nini, hatukujua. Kurasa za mwisho hazikuwepo. Ziling'oka zamani, labda hata kabla ya mpangaji wangu.

Daktari ndiye aliyeanza. Aliandika kwa herufi kubwa: "Sura ya tano ng'ombe watatu wanaachwa nje kwenye mvua na hawatajwi tena. Nani aliwakama?" Halafu, baada ya kufikiri, akaongeza kwamba mjane aolewe na jirani, kwa sababu mwanamume aliye na subira na ng'ombe anayezaa hawezi kukosa subira na mke.

Madam alipokuja na wimbi lake alisoma hayo, akatoa kalamu. Kwanza alirekebisha herufi mbili za Daktari. Kisha akaandika kwamba wakili ana mshahara na pensheni, na kwamba mapenzi ya ng'ombe hayajawahi kusomesha mtoto.

Daktari alijibu kwamba kwa kurasa mia mbili na kumi na mbili yule wakili hajamtaja mama yake mzazi hata mara moja, na mtu wa namna hiyo hata akikuletea maua ni wa kuogopwa.

Madam alijibu kwamba jirani naye hajataja sabuni.

Kufikia mwezi wa pili kisiagi kilikuwa kimegawanyika. Kulikuwa na watu wa wakili, wengi wao waliopanga nyumba na kufanya kazi Nairobi, na watu wa jirani, wengi wao wenye ploti na kuku. Watu walianza kuniletea nusu gorogoro ya mahindi, kitu ambacho hakitoshi hata kuilowesha sufuria, ili wapate sababu ya kusoma daftari. Fundi wa mawe peke yake hakuwa na upande. Aliandika kwamba nyumba ya mjane inavuja tangu sura ya pili na hakuna mwanamume hata mmoja aliyepanda juu, kwa hivyo mjane asiolewe na yeyote kabla paa halijatengenezwa.

Ajabu ni kwamba wale wawili wenyewe hawakuwa wamewahi kuzungumza. Daktari alikuja asubuhi, Madam alikuja jioni baada ya shule, wakawa wanagombana kwa maandishi tu. Nilipowakutanisha siku moja ya likizo walisalimiana kwa adabu kubwa. Daktari alisema "Sopa," Madam akajibu "Epa" kama alivyojifunza kwa majirani, na wote wakasimama wakitazama mashine.

"Wewe ndiye wa pensheni," Daktari alisema mwishowe.

"Na wewe ndiye wa ndama," Madam akasema.

Baada ya hapo walikaa saa mbili wakibishana mbele yangu, nami nikasaga unga wa mtu mara mbili kwa kutoangalia ninachofanya.

Daktari ndiye aliyeleta habari ya Kajiado. Alikuwa ameulizauliza kwa simu marafiki zake wa kazini zamani, na mmoja akamwambia kwamba siku za soko la mifugo kuna mtu anayetandaza vitabu vya mtumba hapo karibu, na kwamba aliona kwake kitabu chenye mwanamke wa kofia nyekundu. Daktari alikuwa na pikapu kuukuu na kondoo dume wa kuuza. Madam alikuwa bado likizo. Mimi sikuwa na sababu yoyote ya kwenda, lakini nilikuwa nimelala wiki nzima nikijiuliza yule mjane alimwambia mtu mlangoni nini, kwa hivyo kisiagi nikamwachia mume wangu.

Tulikaa watatu mbele, kondoo nyuma. Madam alivaa suti yake ya kanisani, kwa sababu alisema mtu haendi makao makuu ya kaunti na kanga. Mpaka Isinya walikuwa wamebishana kuhusu wakili. Kutoka Isinya mpaka Kajiado walibishana kama mjane alikuwa na haki ya kuvaa kofia nyekundu mapema vile.

Muuza vitabu tulimpata ameketi kati ya mwenye kamba na mwenye kengele za ng'ombe. Daktari alimweleza kitabu chote, pamoja na wale ng'ombe watatu. Mtu yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alikuwa nacho kweli, lakini wiki iliyopita kimechukuliwa na mama mmoja anayefanya kazi kwenye ofisi ya serikali hapo juu, dirisha la tatu.

Tulipofika dirisha la tatu ilikuwa saa ya chakula. Mama mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, anakula chapati na maharagwe kutoka kwenye kikopo cha plastiki. Alituuliza tunataka stempu gani. Daktari akamwambia hatutaki stempu. Yule mama aliweka kijiko chini. Nadhani hilo halikuwa limewahi kumtokea.

Madam akaeleza shida yetu vizuri, kama anayeeleza wazazi matokeo ya mtihani. Mama alifungua droo, akatoa kitabu. Jalada lake lilikuwa zima na kurasa zote zilikuwamo.

"Niko sura ya kumi na moja," alisema. "Kwenda nacho hapana. Lakini mnaweza kukaa kwa hiyo benchi msome huo mwisho, na msiniambie kitu. Hata msipumue vibaya."

Tuliahidi. Tukaketi kwenye benchi ya kungojea, mimi katikati na kitabu mapajani, Madam kulia, Daktari kushoto. Zilibaki kurasa tisa. Shida ilionekana mara moja. Madam alisoma kwa kasi ya mtu anayesahihisha madaftari ya darasa zima, naye Daktari alisoma akitembeza midomo, neno kwa neno. Madam akimaliza ukurasa ananifinya mkono nifunue. Nikijaribu kufunua, kidole gumba cha Daktari kimeshikilia karatasi. Mbele yetu mama wa dirisha alikuwa ameacha kula, ametutazama usoni mmoja mmoja, akitafuta dalili.

Mtu aliyesimama mlangoni hakuwa wakili. Hakuwa jirani pia. Alikuwa mume.

Alikuwa amekwenda nchi nyingine kuchimba madini na barua zake zikapotea. Ukurasa wa mwisho ndio ulioeleza kwamba waliyemzika sura ya kwanza, ambaye maji ya mto yalimharibu uso, alikuwa mtu aliyeazima koti lake. Na kile ambacho mjane, ambaye sasa hakuwa mjane, alimwambia bila kusita kilikuwa: "Vua viatu." Basi. Zilizobaki zilikuwa kurasa za machozi na chai.

Nilihisi Madam ameganda upande wangu. Alikuwa amefika mwisho kabla yetu, na kwa vile hakuweza kusema, uso wake ulifanya mambo ambayo sijayaona tena kwa mwalimu. Nilijitahidi kutazama sakafu. Kushoto kwangu midomo ya Daktari ilikuwa bado inatembea. Ilisimama. Ikarudi nyuma mistari miwili, ikasoma tena. Kisha yule mzee mtaratibu, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata kwa ng'ombe, akasema ili ofisi nzima isikie:

"Kumbe hata hakuzikwa yeye."

Mama wa dirisha alifumba macho.

"Mzee," alisema, "hapo kwa kitabu mtu mmoja tu ndiye amezikwa."

Daktari alivua kofia. Madam aliomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kisha akaahidi kwamba tutamletea kitabu kingine chochote atakachotaka kutoka kwenye rafu yetu. Mama alichukua kitabu chake kutoka mapajani mwangu, akakirudisha kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo. Alituambia twende salama, kwa sauti ya mtu anayewatakia wengine mabaya lakini yuko kazini.

Tulikuwa tumefika karibu na Isinya ndipo Daktari alipokumbuka kondoo. Alikuwa bado nyuma, anatazama mandhari. Alikwenda Kajiado na kurudi bila kuonwa na mnunuzi hata mmoja.

Tulisimama kunywa chai. Hapo ndipo niliposhangaa zaidi, kwa maana wale wawili walikuwa wamekubaliana. Wote walikasirikia mwandishi. Madam alisema huwezi kuwachosha wanaume wawili wazima sura ishirini kisha uwaletee mume. Daktari alisema ni kweli kabisa, na tena yule mwenye kuazima koti hana watu wa kwao? Hakuna aliyemtafuta? Mama yake hakuuliza? Madam alisema hilo hakulifikiria, na kwamba ni swali zuri. Daktari aliinamia kikombe chake kama amepewa zawadi shuleni.

Halafu tukaanza kuhangaika tutawaambia nini watu wa kisiagi. Kila mtu alijua tumeenda Kajiado kutafuta mwisho. Daktari alitaka tuseme kitabu hatukukipata, watu waendelee na pande zao kwa amani. Madam alisema yeye ni mwanakwaya, hawezi kusema uongo kwa ajili ya riwaya. Daktari akamwambia basi asiseme chochote. Madam akasema hilo nalo hajawahi kuliweza.

Waliponiuliza mimi nilisema tunyamaze kwanza, tuone.

Hatukupata nafasi ya kunyamaza. Tulipofika, watu kama kumi na watano walikuwa wamekaa ndani ya kisiagi na mashine imezimwa. Mume wangu alisema stima iko, ila hakuna aliyetaka kelele tukifika. Fundi wa mawe ndiye aliyesimama kuuliza, akielekeza swali kwa Madam kwa kuwa ndiye aliyeonekana kuumia zaidi.

"Madam, huyo mama aliishia na nani?"

Nilimwona Daktari akitazama dari. Dini yote ya yule mwalimu ilikuwa inapita usoni mwake, na mwishowe akasema ukweli mtupu.

"Aliishia na mume wake."

Kisiagi kikalipuka kwa furaha. Watu wa wakili walipigana mikono, wakisema walijua tu. Watu wa jirani waliinuka wakicheka, wakisema si tuliwaambia. Mama wa mahindi ya njano alikumbatiana na mtu wa upande mwingine, kila mmoja akimpa mwenzake pole kwa kushindwa. Hakuna aliyeuliza mume yupi. Mpaka leo wanaishi hivyo, kila kundi na harusi yake, na sisi watatu hatujasema neno.

Fundi peke yake alinijia baadaye, akaniuliza chinichini habari ya paa. Nilimwambia bado linavuja. Alitikisa kichwa, akaenda zake.

Usiku ule niliwaza kwamba hiyo ndiyo riwaya ya kwanza niliyowahi kuisoma mpaka mwisho, na kwamba niliisoma nimebanwa kati ya watu wawili kama gunia. Nilifurahi kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mume wangu, kwa hivyo nilimwambia avue viatu.

Daktari na Madam hawakubaki marafiki wa maoni kwa muda mrefu. Juma lililofuata walishika kitabu cha ufugaji wa nyuki, Madam akaandika kwamba malkia ni mfano mzuri wa utawala, Daktari akaandika kwamba malkia huyo huyo hajawahi kuchota maji, na mambo yakaanza upya.

Kisha, Jumamosi moja, aliingia mteja ambaye sikumtambua mara moja, mama wa makamo amebeba mfuko wa kilo mbili za mahindi. Miwani ndiyo niliyoitambua, ikining'inia kwa mnyororo. Alikuwa ametoka Kajiado, ambako wanasaga unga kama kwingine kote. Hakusema lolote kuhusu mahindi. Alikwenda moja kwa moja kwenye daftari, akatafuta ile riwaya, akaandika: "Kilikuwa kitabu kizuri mpaka wageni watatu wa Kitengela walipokuja ofisini."

Nilimkaribisha kiti, nikamwomba msamaha tena, nikamwambia achague anachotaka, kile tulichomwahidi. Alipitia rafu yote kwa kidole, bila haraka, akachukua hadithi nene ya mabaharia. Kabla hajaifungua aliinua kichwa, akawatazama watu wote waliokuwamo, akauliza nani miongoni mwetu ameshaisoma.

Daktari na watu wengine wawili waliinua mikono.

Aliwaomba watoke nje, wasimame chini ya mti mpaka amalize sura ya kwanza. Nao wakatoka.